Ndago za Kutazama

Baba yangu alikuwa anachana nyasi. Sisemi kuzifyeka wala kuzikata. Kuzichana, kwa kitana cha mti, kama mama anavyomchana mtoto siku ya Jumapili. Anapiga magoti asubuhi umande haujakauka, anashika fungu moja la majani kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia anapitisha kitana kutoka shinani mpaka nchani, taratibu, majani makavu yanatoka yanabaki kwenye meno ya kitana. Anayatoa, anayaweka pembeni, anashika fungu lingine. Na watu wanapita njiani wanakwenda shamba na majembe yao, wanamwona.

Nyasi zenyewe zilikuwa ndago. Yeye alikuwa hapendi neno hilo. Alisema ni "mimea ya maji". Lakini mtu yeyote wa kwetu Mbebe aliyewahi kupalilia ulezi anaijua ndago hata akifumbwa macho: ukiviringisha shina lake kati ya vidole unasikia pembe tatu. Nyasi za kawaida shina lake ni la mviringo. Ndago ina pembe tatu, na chini yake ina kokwa, na kokwa ukiiacha udongoni, mwaka ujao umerudi pale pale unainama. Mama zetu migongo imepinda kwa ajili ya ndago. Sasa baba yangu akaenda akazipanda mbele ya mlango wake.

Alizitoa Mkwajuni. Zamani za dhahabu, kabla ya vita na wakati wa vita, alifanya kazi huko kwa Mzungu mmoja mwenye mgodi. Wenzake walikwenda kuchimba, wakarudi na baiskeli, na cherehani, na mablanketi. Baba aliwekwa bustanini kwa memsabu, mke wa Mzungu huyo. Memsabu huyo alichimbiwa bwawa dogo mbele ya nyumba, kwenye joto lile la Mkwajuni ambako watu wanatafuta maji ya kunywa, akalizungushia ndago za kila namna. Zipo ndefu zenye kichwa kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Zipo fupi ambazo majani yake yana mstari wa manjano ukingoni na yanalala chini kama nywele. Zipo nyingine zina maua ya kahawia yananing'inia, na baba anakuambia maua hayo ukiyaona unatulia moyo. Mimi sikuwahi kutulia.

Memsabu alipoondoka kurudi Ulaya, baba akachimba mashina, akayafunga kwenye gunia lililolowa, akaja nalo mpaka Mbebe, lori na miguu, analimwagia maji njiani kila penye mto. Mama alituambia kwamba siku ile alipoona mzigo ule begani mwa mume wake alifikiri ni nyama.

Basi tukaishi na ndago. Mbele ya nyumba baba alichimba shimo, akalitandika udongo wa mfinyanzi, akavuta mfereji kutoka kijitoni. Mvua zikianza anachimbua mafungu yaliyonenepa, anayapasua kwa panga katikati, anapanda vipande upya, mizizi ndani ya tope, shingo juu. Kiangazi sisi watoto tunabeba maji. Maharage yanajikunja jua linayaua, sisi tunapita na ndoo kichwani kwenda kunywesha nyasi. Mbuzi akisogea, kelele. Kuku akitua, kelele. Mtoto akikanyaga, fimbo.

Wageni ndio waliopata shida zaidi, maana hawawezi kukimbia. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye kahawa nyingi na maneno mengi, alimwuliza siku moja mbele yangu.

"Hii inaliwa?"

"Hailiwi."

"Basi ni ya kulisha mbuzi."

"Mbuzi asisogee kabisa."

"Ni dawa?"

"Si dawa."

"Unasukia mikeka?"

"Hapana bwana. Ni ya kutazama."

Yule mzee akazitazama. Alizitazama sana, kwa heshima, mikono nyuma. Halafu akasema, "Mimi kule bondeni kwangu ninayo eka nzima ya kutazama. Njoo utazame, sitakudai kitu." Akaenda zake anacheka peke yake njia nzima.

Baba akasema, "Mtu asiyesafiri."

Yeye alisafiri, sikatai. Lakini mtu anatoka kwa Wazungu na kitu gani? Wenzake walileta ufundi seremala, walileta kusoma, mmoja alileta mashine ya kusaga ambayo mpaka leo inasaga. Baba yangu alileta magugu, na sauti ya kuyaelezea. Nilipoanza sekondari, shule ya wasichana iliyo mbali kwelikweli na kwetu, lori siku nzima na treni juu yake, wenzangu wakiniuliza baba yako anafanya kazi gani, nilisema anauza kahawa. Ni kweli aliuza. Miti yenyewe ilitunzwa na mama.

Sasa nije kwa mke wa kaka.

Kaka yangu alikuwa Tunduma akibeba mizigo kwenye duka la mfanyabiashara mmoja pale mpakani, na huko akapata mchumba, binti wa Kinamwanga. Ng'ombe wakapelekwa, ndoa ikafungwa kanisani kwao, akaletwa kwetu. Mimi nilifika nyumbani kwa likizo yeye akiwa ana siku chache tu, bado mgeni, bado anakaa ndani anapikiwa. Nilimkuta msichana mwembamba, mkubwa kwangu kidogo, anacheka haraka. Kindali, lugha yetu, hajui, sisi Kinamwanga hatujui, kwa hiyo nyumba nzima ikawa inasema Kiswahili kwa ajili yake, hata bibi ambaye Kiswahili chake ni salamu na "toka".

Na lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo huwezi kuelewa ujinga uliofuata. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawasemeshani, hawatazamani, hawapiti njia moja. Baba kabla ya kukata kona ya nyumba anakohoa. Mke wa mwana akisikia kikohozi anavuta kanga kichwani, anageukia ukuta au anaingia kwenye migomba mpaka kikohozi kipite. Akiwa na neno la kumwambia, anamwambia mtu mwingine, na huyo mtu analipeleka. Kanisani tunafundishwa sisi sote ni familia moja ya Bwana. Sawa. Tukitoka kanisani, wanapita milango miwili.

Likizo ile, mtu wa kupeleka maneno nikawa mimi.

Kuna na jambo la pili. Mke mpya akimaliza siku za ugeni, kuna asubuhi yake ya kwanza ya kazi. Siku hiyo anaamka kabla ya watu wote, anafagia uwanja wa wakwe, anang'oa kila jani, mpaka wakwe wakifungua mlango wanakuta udongo mtupu, mwekundu, wenye mistari ya ufagio. Uwanja wenye majani ni uwanja wa mvivu. Hapo ndipo watu wanajua wameoa au wamepata hasara. Kila mama wa Mbebe anakumbuka uwanja wake wa siku ya kwanza, na anausimulia kama wanaume wanavyosimulia vita.

Nadhani umeshaona.

Aliamka. Akafagia nyuma, akafagia jikoni, akaja mbele. Akakuta ndago, tele, zimezunguka shimo la maji mlangoni kabisa mwa baba mkwe. Akashika shina, akaliviringisha kati ya vidole. Pembe tatu. Akamwonea huruma mama mkwe, aliniambia hivyo mwenyewe baadaye, akasema moyoni kumbe hawa watu hawana msaada, wamezidiwa. Akaingia kazini. Alizing'oa zote, na kokwa zake na mizizi yake, hakuacha hata moja, zile za mwavuli, zile za nywele, zile za kutuliza moyo. Akazipeleka jalalani nyuma ya migomba. Akafukia shimo la maji. Akafagia juu yake.

Tulipofungua mlango uwanja ulikuwa mzuri ajabu. Nasema kweli. Sijawahi kuona uwanja wetu ukiwa mzuri namna ile.

Baba alitoka na kitana chake mkononi. Alisimama. Alikohoa, sijui kwa nini, labda kwa mazoea. Yeye mke wa kaka, nyuma ya nyumba, alisikia kikohozi akavuta kanga akageukia ukuta, anatabasamu, anangoja asifiwe.

Baba hakupiga kelele. Alirudi ndani, akakaa kitandani, akamwita mama. Mama akatoka ndani uso umebadilika.

"Anasema arudi kwao."

"Nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mzee wa kanisa anakwenda Tunduma Jumatatu. Anasema mke wa kaka yako atafuatana naye. Wakamfundishe kwao kwanza, ndipo arudi. Kama watamrudisha."

"Kwa ajili ya nyasi?"

"Usiniulize mimi. Nenda kamwulize mwenye nyasi."

"Na nyinyi kwa nini hamkumwambia?"

Mama akasema alifikiri kaka amemwambia. Kaka, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kama nguzo, akasema alifikiri mama amemwambia. Baba ndiye mtu pekee nyumbani aliyekuwa na hamu ya kueleza habari za ndago usiku na mchana, kwa mtu yeyote, hata kwa wauza chumvi, na ndiye peke yake aliyekatazwa kumwambia. Hiyo ndiyo akili ya nyumba yetu.

Nikamwambia kaka, "Si umtetee mke wako?"

"Nitasemaje mbele ya baba?"

"Kwa mdomo."

Akaangalia viatu vyake. Mtu anabeba magunia mawili kwa mpigo kule Tunduma, wanamsifu, nyumbani hawezi kubeba sentensi moja.

Nikaenda kwa mke wa kaka. Alikuwa ameshasikia. Amekaa kwenye kigoda katika kijumba chao na kaka, mikono ina udongo bado, hajanawa.

"Wifi," akasema, "nilishika shina. Ni ndago."

"Ni ndago kweli."

"Sasa?"

"Ni ndago za Mzungu."

"Mzungu naye ana ndago?"

"Ana kila kitu."

Alicheka kidogo, halafu kicheko kikageuka. Akasema kwao kuna dada yake mkubwa aliyerudishwa na wakwe mwezi wa kwanza, kwa sababu ya chungu kilichovunjika, na mpaka leo anakaa kwa mama yao na watu wakimpita wanasema yule wa chungu. "Mimi nitakuwa yule wa ndago," akasema. "Wifi, nani ataoa mtu wa ndago?"

Shuleni tunafundishwa mito ya Ulaya na jinsi maji yanavyochemka. Hakuna aliyenifundisha nimfanye nini mtu anayelia kwa ajili ya magugu.

Nikarudi kwa baba. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba sasa, na mke wa kaka ametoka kwake amekuja ndani, upande wa pili wa ukuta, kanga kichwani, amepiga magoti. Ukuta wetu ni wa miti na udongo. Unasikia mtu akijikuna.

"Mwambie baba," akasema mke wa kaka, "naomba anisamehe, sikujua."

"Baba," nikasema, "anaomba umsamehe, hakujua."

"Mwambie," akasema baba, "mwanamke mwenye macho huona kitu kilichopandwa na kitu kilichoota."

"Anasema mwanamke mwenye macho…"

"Nimesikia, wifi. Mwambie kwetu ndago haipandwi."

"Kwao ndago haipandwi."

"Mwambie hii si ndago!"

"Anasema si ndago."

"Mwambie ina pembe tatu."

Baba akakohoa. "Mwambie," akasema, "hata Biblia ina pembe nne lakini si sanduku."

Nikachoka. Nikasema, "Mnasikiana. Mnasikiana vizuri kabisa, mimi hapa ni ukuta wa pili. Semeni wenyewe." Nikaondoka. Mama alinifuata akaniambia nina kiburi cha shule. Inawezekana. Lakini ukuta nilikuwa kweli.

Jumapili ibada ilipoisha, mzee wa kanisa akaja kuchukua habari za safari. Ni mtu mnene, mpole, anapenda ndizi za mama. Wakakaa na baba barazani. Baba akamwonyesha uwanja mtupu, akamweleza kila ndago ilisimama wapi na ilikuwa na tabia gani, kama mtu anayehesabu marehemu wake. Mzee akaitikia "aisee" penye nafasi.

Wakati huo mimi nilikuwa nyuma, nikamwona mke wa kaka anatoka jalalani na ungo umejaa. Ndago, zimelegea, zingine zimeanza kukauka, lakini mizizi bado ina unyevu. Jembe begani.

"Unakwenda wapi?"

"Kuzirudisha."

"Baba yupo barazani!"

"Nitageuka huku. Sitamtazama." Akavuta kanga mpaka machoni, akaenda uwanjani karibu kinyumenyume, mgongo kwa baraza, na akaanza kulima.

Na akazipanda. Lakini kwa namna gani! Kwao ni nchi kavu, wanalima matuta. Aliinua tuta refu, zuri, limenyooka kama kamba, palepale juu ya shimo alilolifukia, akaliviringa kwa jembe, akaanza kuchomeka ndago juu kabisa ya tuta, moja moja, nafasi sawasawa, kama viazi vitamu. Mimea ya maji. Inayotaka tope mpaka shingoni. Aliiweka juu kwenye udongo mkavu, jua la saa sita, na kila akimaliza moja anaipigapiga kwa kiganja, kwa upole, ili ipate nguvu.

Baba alianza kujisogeza kwenye kiti. Mzee wa kanisa alikuwa anamenya ndizi. Baba akasema kwa sauti, kuelekea kwenye paa, "Mtu amwambie." Hakuna mtu. Mama yuko jikoni. Kaka haonekani. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona, na baba akanitazama, na mimi nikatazama migomba. Nilishasema siwi ukuta.

Akachomeka nyingine. Ile ya majani ya manjano, ile ya kuchanwa. Aliishika kichwa chini, mizizi juu, akaigeuza, akaikagua, akashindwa kujua ipi ni juu, akaanza kuisukuma ndani kwa upande wa majani.

"Siyo hivyo!" Baba akasimama. "Mwanangu, siyo hivyo! Igeuze! Na siyo juu, weka chini, chimba, inataka maji, unaiua!"

Mke wa kaka akageuka. Kanga ilianguka mabegani. Akamtazama baba mkwe wake usoni, mdomo wazi, jembe mkononi, na baba akamtazama yeye. Ndizi ya mzee wa kanisa ilibaki hewani.

"Ee mukwai," akasema, ndivyo wanavyoitikia kwao kwa heshima, na akaigeuza ile ndago.

Halafu ndipo wote wawili walipojua. Yeye akatupa jembe akakimbilia migomba. Baba akakaa chini, siyo kwenye kiti, chini.

Mama alitoka jikoni na mwiko wenye ugali. Alikuwa amesikia kila neno. Alimtazama baba, akatazama tuta, akapiga kigelegele. Kimoja tu, kifupi, lakini majirani walikisikia.

"Umemsemesha," akasema.

"Alikuwa anaiua."

"Umemsemesha, umemwita mwanao, amekutazama. Mzee hapa ni shahidi."

Mzee wa kanisa akameza ndizi. "Kanisa," akasema, "halina habari na mambo haya ya kale." Akafuta mikono. "Ila mimi mwenyewe mwaka ule nilimkanyaga mke wa mwanangu mguu pale kisimani nikasema pole. Nilitoa kondoo."

Ndivyo ilivyo kwetu. Baba mkwe akivunja mwiko ule, kosa ni lake, siyo la mke. Anatoa mnyama, anachinjwa kwa ajili ya mke wa mwana, na huyo mke ndiye anayekula wa kwanza. Na mtu mwenye kosa kwa mke wa mwanawe hawezi kumfukuza. Atamfukuzaje, amemkosea? Mzee wa kanisa alilieleza hilo kwa upole kabisa, akaomba ndizi nyingine, akasema basi Jumatatu atasafiri peke yake, na afadhali, maana njia ile mtu akilia huchosha. Baba akatoa mbuzi.

Sijui nicheke au nilie. Msichana nusura aharibiwe maisha kwa ajili ya nyasi, na akaokolewa na mbuzi. Hakuna mkubwa hata mmoja katika nyumba ile aliyesema neno la kawaida la binadamu, kwamba hakujua, kwamba hakuna aliyemwambia, kwamba uwanja wake ulikuwa safi kupita viwanja vya bibi zetu wote. Haki yenyewe ilipita nje, ikakaa nyuma ya mbuzi. Kaka akajitokeza wakati wa kuchinja, amejaa nguvu, anashika miguu ya mbuzi na kutoa amri.

Mke wa kaka alikula maini, mbele ya wanawake wote wa jirani, kanga imekaa vizuri. Wakamsifu uwanja wake. Mwanamke mmoja akamwuliza sikioni alizing'oaje zile zenye mizizi mirefu, maana yeye kwake ndago zimemshinda, na akamweleza, kwa vidole, akiwa anatafuna: unashika karibu na udongo, unazungusha, huvuti. Wakawa wanamsikiliza kama daktari.

Baba alichimba tena shimo lake. Nyingi zilikufa. Za mwavuli zilipona, haziuliki hizo. Zile za nywele zilibaki fungu moja, kichwa kimekonda, na yeye akaanza tena kupiga magoti mbele yake asubuhi na kitana.

Kimya chao kilirudi palepale kilipokuwa, maana mbuzi akishaliwa mwiko unarudi kama kawaida. Siku moja kabla sijaondoka, mke wa kaka alinikuta kisimani akaweka ndoo chini.

"Wifi, mfereji wa baba unavuja upande wa chini. Maji hayafiki kwenye yale majani yake. Mwambie."

Nikamwuliza kwa nini anajali.

"Nimeshakula mbuzi wake," akasema. "Na mimi ndiye nitakaa hapa. Wewe unakwenda shule."

Nikaenda nikamwambia baba mfereji unavuja upande wa chini. Akauliza nani amesema. Nikasema ukuta. Akachukua jembe akaenda kuutazama, na ulikuwa unavuja kweli.